UZI: Umeingia Kampala na unatafuta kazi? Wageni tuambiane ukweli

Mhaya wa Kikuubo:

Wakuu, habari za kutwa. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu swali ninalopigiwa simu ni lile lile: "Kaka, nipo Mutukula, nikivuka nitapata kazi Kampala?" Mimi ni mtu wa Bukoba, niko huku miaka mingi, ugali wangu unatoka Kikuubo. Ninayoyajua nitayasema, yaliyobaki wenyeji na wageni wenzangu mtaongezea.

Kuna uongo mmoja lazima tuuondoe mapema. Watu wanaamini kwa kuwa wote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi Mtanzania anahamia Kampala kikazi kama anavyohama Shinyanga kwenda Mwanza. Thubutu! Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ilichofanya ni kukufungulia mlango uingie na uombe kazi. Kibali cha kazi bado kipo pale pale. Mpakani wanakugongea muhuri wa kuingia, raia wa Jumuiya anaweza kupewa hadi miezi 6, lakini ule muhuri si wa kazi. Ukipata mwajiri, kibali kinaombwa Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji, ofisi zao ziko barabara ya Jinja pale Wizara ya Mambo ya Ndani, na maombi yenyewe siku hizi yanafanywa mtandaoni. Ukiajiriwa na kampuni unaingia daraja G. Ukifungua biashara yako ni D. Mtaalamu anayejitegemea, mfano daktari au mhasibu, ni F. Yajue haya madaraja kabla hujakaa na dalali, maana dalali wa barabara ya Jinja akigundua hujui hata herufi yako, amekupata.

Sasa sikilizeni hapa. Ile permiti ya G sehemu kubwa haiko mikononi mwako, iko kwa mwajiri. Anatakiwa atoe barua, usajili wa kampuni, hati kwamba kodi zake ziko sawa, na mkataba wako. Wewe unaleta pasipoti, vyeti, na hati ya polisi ya nchini kwako kwamba huna rekodi ya uhalifu. Hiyo hati ya polisi ndiyo imewarudisha wengi nyumbani kwa nauli ambayo hawakuipanga. Itoe kabla hujaondoka.

Kwa hiyo mwenye duka ambaye hata kodi halipi hawezi kukuombea kibali, hata akikupenda vipi. Atakuambia "anza tu, mambo ya karatasi baadaye". Baadaye hiyo haifiki, na siku Uhamiaji wakipita, yeye yupo kwao na wewe ndiye unayepanda gari.

La pili ni wapi pa kutafuta. Kampala imejaa vijana wa Kiganda wenye digrii wasio na kazi. Ukienda kuomba uhudumu wa hoteli, ulinzi au kuuza nguo, unashindana na mtu mwenye kitambulisho cha taifa, anayeongea Luganda, na ambaye shangazi yake anamjua bosi. Kwa nini wakuchukue wewe? Tafuta mahali ambapo ugeni wako ndio sababu ya kukuhitaji.

Nitatoa mfano wa kwangu. Kikuubo ni vichochoro vya jumla katikati ya mji, karibu na stendi ya teksi. Pale hununui sabuni moja, unanunua katoni. Wateja wanatoka Goma, Butembo, Bunia, Juba, Bukoba, Mwanza. Wengi hawaji wenyewe siku hizi, wanapiga simu na kutuma pesa. Sasa mwenye duka ni Mganda, mteja yuko Butembo anaongea Kiswahili cha Kongo na Kifaransa kidogo, katikati anatakiwa mtu. Huyo mtu ndiye mimi. Asubuhi napokea orodha kwenye WhatsApp: mafuta ya kula madumu kadhaa, biskuti, ndala, betri. Nazunguka maduka, napatana bei, nahakikisha ndala za kike hazijachanganywa na za kiume (wanachanganya, na mteja wa Butembo hawezi kuzirudisha). Kila gunia tunaliandika kwa maka peni alama ya mwenyewe, herufi mbili au tatu na rangi ya uzi wa kushonea, kwa sababu lori moja linabeba mzigo wa watu wengi na kule likifunguliwa kila mtu anatafuta alama yake. Ukikosea alama, umelipa wewe. Hii kazi hakuna aliyeitangaza gazetini. Nilianza kwa kubeba na kuhesabu, nikajulikana kwamba hesabu yangu haipungui.

Haya, karibuni.

Kijana Kahama:

Mkuu umenifungua macho. Mshahara wa kuanzia ni kiasi gani huko? Kuna kima cha chini?

Mhaya wa Kikuubo:

Kima cha chini kipo kwenye vitabu: shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984 na hakijabadilishwa. Hiyo leo unanunulia rolex mbili hivi, yaani chapati zilizoviringishwa na mayai. Bunge lilipitisha muswada wa kukirekebisha 2019, Rais hakuusaini. Kwa hiyo hapa ni mapatano yako na mdomo wako. Unachoweza kudai kwa nguvu ya sheria ni NSSF: mwajiri anaweka asilimia 10, wewe unakatwa 5. Mwajiri anayekuandikisha NSSF ndiye mwajiri wa kweli. Anayekukata ile 5 halafu haipeleki, hao nao wapo, kwa hiyo fungua akaunti yako ya NSSF kwenye simu uwe unaangalia kila mwezi.

Omutaka wa Masaka:

Banange, mimi ni mwenyeji, niruhusuni niseme neno. Nyie mnakuja na Kiswahili mnadhani kitawafungulia kila mlango. Ssebo, Buganda si Dodoma. Wazazi wetu walikisikia Kiswahili mdomoni mwa askari enzi za Amin, aliyekitangaza lugha ya taifa 1973, na kwenye vizuizi vya barabarani, na mdomoni mwa wezi usiku. Mama yangu mpaka leo akisikia mtu anagonga mlango kwa Kiswahili hafungui. Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, sawa, na shuleni kinafundishwa. Lakini ukiingia soko la Owino ukaanza na "nipunguzie bei", bei inapanda.

Jifunze Luganda cha salamu kwanza. "Gyebale ko, ssebo" kwa mwanamume. "Gyebale ko, nnyabo" kwa mwanamke. Subiri ajibu. Uliza za nyumbani. Ndipo useme shida yako. Mgeni anayeanza na shida kabla ya salamu hapa tunamwona hana adabu, na kazi haipati hata kama ipo.

Jingine: nendeni mbali na Kampala. Arua kule West Nile watu wanaongea Kiswahili bila aibu, soko lao ni Kongo na Sudan Kusini. Ukiwa fundi au mtu wa mizigo, kule unaeleweka siku ya kwanza.

Mhaya wa Kikuubo:

Umesema kweli kabisa, ssebo. Kiswahili kinalipa pale ambapo mzigo unatoka Uganda. Pale ambapo mzigo unauzwa kwa Mganda, ni Luganda. Mpaka wangu ndio huo.

Fundi Umeme Goma:

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Goma, nilitoka wakati vita ilipoingia mji Januari 2025. Nimesomea umeme, nina brevet, cheti cha ufundi. Niko Kampala, Makindye, kwa rafiki. Kila ninakoomba kazi wananiuliza "work permit". Mimi ni mwomba hifadhi. Nifanye nini? Nirudi mpakani nikachukue muhuri wa mwana Jumuiya, juu Kongo nayo iliingia Jumuiya 2022?

Mrundi Nakivale:

Kaka, usichanganye njia mbili. Kuna njia ya pasipoti na permiti, kuna njia ya ukimbizi. Chagua moja inayolingana na hali yako ya kweli, ukae humo.

Kwa sababu umekimbia vita, njia yako ni hii ya pili. Unajiandikisha, unapewa karatasi ya mwomba hifadhi, baadaye ukikubaliwa unapata kadi ya mkimbizi inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, wenyewe wanaiita OPM. Mjini Kampala mlango wa kuanzia watu wengi wanaujua: polisi ya Old Kampala. Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kifungu cha 29, inampa mkimbizi haki ya kutafuta ajira na kufanya kazi yenye kipato. Haki ya kutembea nchini nayo imo kwenye sheria hiyo hiyo. Uganda kwa hilo iko mbele ya nchi nyingi. Tatizo ni kwamba mwajiri hajasoma hiyo sheria. Mimi nilichapisha ukurasa wa kifungu hicho nikaweka nyuma ya CV yangu. Afisa rasilimali watu aliusoma mbele yangu, akaenda kumwuliza mwanasheria wao, akarudi na sura nyingine.

Onyo: ukishakuwa mkimbizi usiwe unavuka kwenda kwenu na pasipoti ya taifa kusalimia watu halafu unarudi. Umesema unaogopa kwenu, halafu unakwenda mwenyewe chini ya ulinzi wa nchi yako? Hapo unaichezea kadi.

Na ujue ukikaa Kampala, chakula cha msaada na kiwanja havikufuati. Hivyo viko kambini: Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja. Mjini unajitegemea. Wengine hapa Nakivale wanalima kiwanja kidogo huku kaka mtu yuko Kampala anatafuta. Familia inaegemea pande zote mbili.

Fundi Umeme Goma:

Asante sana kaka. Na brevet yangu ni ya Kifaransa. Wanaangalia tu, wanairudisha.

Mrundi Nakivale:

Itafsiriwe na mtu anayetambuliwa, agonge muhuri. Idara ya lugha pale Makerere wanatafsiri vyeti. Usimpe kijana wa stesheneri akutafsirie, ofisi nyingi zinakataa.

Lakini kwa fundi, karatasi peke yake haitoshi. Mafundi wengi tulipitia DIT, kurugenzi ya serikali ya mafunzo ya ufundi wakati huo, kupimwa kwa vitendo: ulipewa kazi, ukaifanya mbele ya mtahini, ukapata cheti cha Uganda kinachosema unajua kufanya kitu fulani. Mkandarasi wa Kampala anakielewa hicho kuliko brevet. Kiingereza je?

Fundi Umeme Goma:

Kidogo sana.

Mrundi Nakivale:

Jesuit Refugee Service wako Nsambya, wamefundisha Kiingereza wakimbizi watu wazima miaka mingi. Na YARID, shirika lililoanzishwa na vijana wa Kikongo wenyewe, nalo lilianzia Nsambya. Nenda uulize darasa linaanza lini. Hata ukipata kibarua, Kiingereza ndicho kitakutoa kwenye kuchimba mitaro ya nyaya kikupeleke kwenye bodi ya umeme.

Mama Furaha Nsambya:

Jambo bandugu. Huyu mtoto wa Goma nimemsoma, nimeona nimwandikie yeye na wamama wanaofika sasa. Mimi ni wa Bukavu. Nilifika Kampala na batoto, bila Kiingereza, bila Luganda. Mabwana wanaongea kuhusu ofisi na CV. Sisi wamama tulianza na kitenge.

Iko hivi. Unaenda mjini kwa wanaouza jumla, unachukua pisi za yadi 6. Kama huna franga, unatafuta mama aliyekutangulia akuchukulie kwa jina lake. Hapo ndipo utajua kama una watu au huna watu. Mimi mama mmoja wa kanisani alinipa pisi zake tatu, akasema rudisha mtaji, faida kula. Unazikunja zile pisi ziwe sawa, mpaka wa kitambaa uonekane juu wote, maana mteja anachagua kwa kuangalia ukingo kabla hujafungua. Unaweka kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia unabaki wa kusalimia. Unatembea Kansanga, Kabalagala, Muyenga, ofisi kwa ofisi, saluni kwa saluni.

Ofisi nyingi hapa Ijumaa wanavaa kitenge. Kwa hiyo Jumatatu na Jumanne ndiyo siku za kuuza, ili apate muda wa kupeleka kwa fundi. Ukija Alhamisi unasikia "wiki ijayo". Na hawalipi yote. Nusu leo, nusu mwisho wa mwezi. Unaandika kwenye daftari: jina, ofisi, rangi ya kitenge. Rangi usisahau! Akisema "mimi sikuchukua" unamwambia "ile ya bluu yenye ndege", anacheka, analipa.

Askari wa jiji wa KCCA ni shida kwelikweli. Ukipanga chini barabarani bila leseni wanabeba vyote, na kuvitoa ni faini. Mwaka 2022 mwanzoni waliwafagia wachuuzi wote wa barabarani katikati ya mji. Ndiyo maana tunatembea, hatupangi. Mwenye bahati anapata kona kwenye duka la mtu mwingine, wanagawana kodi ya pango.

Baadaye wateja wakaanza kuniuliza fundi mzuri. Nikajiuliza, kwa nini nimpe fundi ile pesa? Nikaingia likelemba na wamama wenzangu, kila wiki tunachanga, zamu yangu ilipofika nikanunua cherehani. Sasa nauza kitenge na mshono pamoja, na nimechukua wasichana wawili wa Kiganda wa kunisaidia. Nao wananitengenezea Luganda changu, juu wateja wananicheka.

Kwa hiyo wewe mtoto wa Goma, kazi ya umeme utapata, lakini leo kula nini? Nenda na mafundi wa Kikongo wa pale Katwe uanze kushika waya. Usikae kwa rafiki ukingoja barua. Rafiki naye ana mke.

Fundi Umeme Goma:

Mama, nimesikia. Kesho naenda Katwe.

Dereva Busia:

Hiyo ya "rafiki naye ana mke" imeniua kabisa.

Mimi ni Mkenya, naendesha malori ya barabara ya Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Juba. Niongeze mawili. Sisi Wakenya na Wanyarwanda tunavuka na kitambulisho tu tangu 2014, na ada ya permiti ya kazi tuliondolewa kwa makubaliano ya nchi hizi. Lakini wenzangu wanachanganya: ada iliondolewa, permiti haikuondolewa. Kuna jamaa yetu alifanya kazi ya mauzo Kampala akisema "sisi ni Jumuiya", mpaka alipokamatwa ndipo akajua.

La pili, kwa wale wa mizigo: kama umesoma uwakala wa forodha, kile cheti cha Jumuiya cha EACFFPC kinatambulika nchi zote wanachama. Malaba, Busia, Mutukula, kampuni za kliaringi zinakiulizia. Ukiwa nacho na Kiswahili safi cha kuongea na madereva, wewe si mgeni tena pale mpakani. Na usije Uganda kutafuta udereva wa lori ukiwa huna uzoefu, utaishia kuwa tanboi, yaani utingo.

Mwl. Tabora:

Naomba na mimi nisaidiwe. Nina shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Nimesikia Uganda wanatafuta walimu wa Kiswahili kwa tochi. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni?

Ticha wa Kiswahili Mbarara:

Ni kweli, ila usikilize vizuri. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na Kiswahili kikawa lazima kidato cha kwanza na cha pili, yaani S1 na S2. Shule zilikuwa hazina walimu. Nyingine zilimpa kipindi mwalimu wa CRE, somo la dini ya Kikristo, aliyewahi kuishi Nairobi. Kwa hiyo uhitaji upo.

Utaratibu: vyeti vyako vya kidato cha nne na sita vinalinganishwa na vya hapa pale UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Shahada inapitia NCHE, baraza la elimu ya juu. Halafu unasajiliwa kama mwalimu Wizara ya Elimu. Ndipo shule ikuombee permiti, na Uhamiaji wataitaka ile barua ya Wizara. Anza na NCHE ukiwa bado Tanzania ukiweza.

Pa kutafuta ni shule binafsi. Serikalini nafasi ni za wenyeji, na hata wangekuchukua, tangu 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi milioni 4, wa sanaa akabaki huko chini, walimu wakagoma. Kiswahili ni sanaa. Binafsi mshahara unapatana na mkurugenzi, na wengi hawalipi likizo. Muulize hilo wazi: "Desemba nalipwa?" Wakikupa nyumba na chakula cha shule, hesabu kama pesa, kwa sababu Mbarara chumba si bure. Shule yangu ya kwanza huku, siitaji, ilinilipa kwa muhula, na muhula wenyewe ukawa unarefuka mpaka ada za wanafunzi ziingie. Niliondoka.

Muda wa kuzunguka ni Novemba hadi Januari. Muhula wa kwanza unaanza karibu na Februari, na wakuu wa shule wanapanga ratiba kipindi hicho. Ukija Aprili na CV yako nzuri, watakupongeza tu.

Nenda mwenyewe. Barua pepe za shule hazijibiwi. Ukifika omba ufundishe kipindi kimoja mbele ya mwalimu mkuu wa taaluma. Watoto wa hapa wanakiogopa Kiswahili, wanadhani ni cha wanajeshi, kwa hiyo ukiwafanya wacheke na waongee ndani ya dakika 40, umepata kazi. Ngeli acha mpaka mkataba usainiwe.

Mwl. Tabora:

Hahaha, ngeli naziacha. Asante mwalimu mwenzangu. Je, barua ya LC ndiyo nini? Kila mtu anaitaja.

Omutaka wa Masaka:

LC1 ni mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kama mjumbe wenu wa nyumba kumi ila ana muhuri na anautumia. Ukihamia chumba, mwenye nyumba akupeleke kwa LC1 ujiandikishe. Ukitaka kufungua akaunti au kuomba kazi ya dukani, wanauliza barua ya LC. Ina maana kuna mtu anajua unalala wapi. Lipa kile kidogo anachotoza, msalimie kila ukipita. Siku polisi wakiuliza "huyu mgeni ni nani", yeye ndiye atakayejibu.

Kijana Kahama:

Wakuu, nimepata ujumbe sasa hivi. Kampuni moja Kampala inataka wasimamizi wa ghala, mshahara milioni 1.8 za Uganda, chumba bure. Usaili tayari wamesema nimepita, ila natakiwa kutuma laki 3 ya fomu, sare na vipimo vya afya kwa namba ya simu, kesho mwisho. Nitume?

Ticha wa Kiswahili Mbarara:

Umepita usaili ambao hukuufanya?

Mama Furaha Nsambya:

Mtoto wangu, usitume. Usitume hata elfu moja.

Mhaya wa Kikuubo:

Kahama, tulia. Mwajiri wa kweli hakuuzii sare kabla hajakuona uso. Hao wamejaa, na wanawapenda wageni kwa sababu mgeni hana wa kumtuma akaangalie kama hiyo ofisi ipo. Wengine wanajifanya mawakala wa kazi za Uarabuni. Hao nao, wakala halali ana leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii.

Fanya hivi: waulize jina kamili la kampuni lililosajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni, na mtaa ilipo. Waambie una kaka yako Kikuubo atapita kesho asubuhi kuchukua fomu mkononi na kulipa taslimu. Nitakwenda kweli, si mbali.

Kijana Kahama:

Sawa, nawaandikia.

Dereva Busia:

Tunasubiri majibu na maji ya kunywa hapa.

Kijana Kahama:

Wameniblock.

Mhaya wa Kikuubo:

Laki 3 zako ziko salama. Sasa tuongee kazi ya kweli. Umesomea nini, pasipoti unayo, na ghala umewahi kufanya kazi au umeandika tu kwenye CV?

Kijana Kahama:

Nimefanya ghala la pamba miaka kadhaa, kupokea na kutoa mzigo, hesabu naandika mwenyewe. Pasipoti bado, nimeanza kuomba. Kiingereza cha kuandika ninacho, cha kuongea kinasuasua.

Mhaya wa Kikuubo:

Basi usije sasa. Maliza pasipoti, chukua hati ya polisi, na umwombe bosi wa hapo ghalani akuandikie barua yenye muhuri inayosema ulikuwa unashika mzigo wa kiasi gani. Kuna mzee wa Kikuubo mwenye stoo mbili anayepeleka mzigo Kanda ya Ziwa, kodi analipa, na karani wake anaondoka mwishoni mwa mwaka. Sikuahidi kitu. Nitamwambia yupo kijana, naye ataniuliza nakujua vipi. Kwa hiyo nipigie video siku moja ukiwa kazini, nione unavyopanga na kuhesabu magunia.